Uzi: ZX Spectrum, kikompyuta cha vitufe vya raba kilichofanya watoto wa Uingereza watengeneze magemu chumbani kwao

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za saa hizi. Mada za magemu humu kila siku zinaanzia PlayStation, mtu akijitahidi sana anarudi kwenye zile gemu za kaseti za njano tulizokua tunachomeka kwenye tivii miaka ya tisini, nyuma ya hapo kimya. Leo nataka nirudi nyuma zaidi, Uingereza mwaka 1982, kwenye kompyuta moja ndogo nyeusi inaitwa ZX Spectrum. Ya kwanza niliigusa nikiwa mtoto Mombasa, nyingine ninayo hapa mezani naandika huku naiangalia, kwaiyo vumilieni maana uzi utakua mrefu.

Nianze na mwenye mali. Clive Sinclair alikua mfanyabiashara wa vifaa vya umeme pale Cambridge na kazi yake maisha yote ilikua kuchukua kitu cha bei kubwa akakifanya kidogo, akakishusha bei, alishafanya hivyo kwenye redio na kwenye kalkuleta. Mwaka 1980 akatoa kompyuta ya ZX80 kwa pauni 99.95, mwaka uliofuata ZX81 kwa pauni 69.95. Hiyo ZX81 ilikua na memori ya kilobaiti 1. Moja tu. Na bado kuna jamaa anaitwa David Horne aliandika gemu ya chesi ya baiti 672 ikaingia humo na mashine inacheza na wewe kabisa. Nikisoma ile programu mpaka leo nasisimka.

Alafu tarehe 23 Aprili 1982 ikatangazwa Spectrum yenyewe, ina rangi, ina sauti, kilobaiti 16 kwa pauni 125 au kilobaiti 48 kwa pauni 175. Mshindani wake mkubwa wa nyumbani, BBC Micro modeli B, ilikua pauni 399. Shikeni hiyo tofauti ya bei maana ndio inaeleza mambo mengi yanayofuata. BBC Micro iliingia mashuleni na kwenye nyumba za wenye uwezo, Spectrum ikaingia nyumbani kwa mfanyakazi wa kiwandani wa Manchester na Liverpool ambaye mtoto wake alimsumbua miezi kwamba baba ninunulie kompyuta itanisaidia masomo.

Na ukiiwasha haikuletei menyu wala gemu wala kitu chochote. Skrini nyeupe, chini kabisa mstari mmoja umeandikwa © 1982 Sinclair Research Ltd, basi, inakusubiri wewe uandike. Kila kitufe kimebeba neno zima la BASIC, lugha ya kuandikia programu, ukigusa P linatokea PRINT, ukigusa J linatokea LOAD. Maana yake hata mtoto anaetaka kucheza tu ilikua lazima kwanza aandike amri ya programu. Hili ndilo jambo lililonifanya nianzishe uzi, kwamba kati ya kucheza gemu na kutengeneza gemu hapakua na ukuta, ni chumba kimoja, na watoto wengi waliingia kucheza wakajikuta wanatengeneza. Naendelea chini.

#2 Mchangiaji

Mkuu naweka kiti. Ila eleza, gemu zilikua zinatoka wapi kama hakuna diski wala fleshi?

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana mkuu na ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Zilikua kwenye kaseti, na sisemi zile kaseti za njano, nasema kaseti ya muziki, ile ile ya tepu ya kahawia unayorudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili usimalize betri za redio. Programu iligeuzwa kua sauti. Mlio mfupi ni sifuri, mlio wenye urefu mara mbili ya huo ni moja, basi unachomeka waya kutoka tundu la sikioni la redio kaseti kwenda kwenye Spectrum, unaandika LOAD "", unabonyeza ENTER, unawasha redio. Ukiisikiliza ni mlio mrefu wa piiiiii alafu mkwaruzo mkali kama nyuki wameingia kwenye debe. Pembeni ya skrini kunatokea mistari, kwanza nyekundu na samawati wakati wa ule mlio mrefu, alafu bluu na njano data inapoanza kuingia. Gemu ya kilobaiti 48 inachukua dakika nne tano hivi.

Sasa niwaeleze nilivyoona mimi. Mjomba wangu alikua anasoma Uingereza, aliporudi mwaka 1987 alikuja na Spectrum iliyotumika na sanduku la viatu limejaa kaseti. Mimi mtoto wa miaka tisa. Redio kaseti iliyokua nyumbani ni ya bibi, ya kusikilizia taarab, na kaseti za mjomba zilirekodiwa na mashine nyingine huko kwaiyo hedi ya redio yetu, yaani kile kichwa kinachosoma tepu, haikukaa sawa nazo. Kila tukijaribu, dakika nne tumekaa kimya hakuna anaepumua alafu mwisho wake inaandika R Tape loading error. Mjomba akachukua bisibisi ndogo ya kufungulia saa, kwenye mlango wa kaseti pana kitundu kidogo, akaipitisha humo akawa anakizungusha kile kiskrubu cha hedi taratibu huku kaseti inaimba, sikio limeinama kabisa kwenye spika. Mlio ulikua umefifia kama unatoka ndani ya mto, akazungusha robo, ukawa mkali, ukachoma sikio. Akasema hapo hapo usiguse. Tukarudisha nyuma, LOAD, ENTER.

Picha ya mwanzo ya gemu ikaanza kujichora. Haikuja kama picha za sasaivi zinavyoshuka kutoka juu. Skrini imegawanywa sehemu tatu, na kila sehemu inajazwa mistari ya kurukaruka, mstari wa kwanza wa kila safu kwanza, alafu inarudi kwa mstari wa pili, nyeusi na nyeupe tu, huelewi ni nini mpaka inakaribia kuisha. Alafu mwisho kabisa rangi zinamiminika juu yake kwa sekunde chache. Bibi alikua amesimama mlangoni na leso yake akasema "subhanallah, picha imetoka kwenye redio yangu."

Na kwa sababu gemu ni sauti, redio mbili na waya mmoja zinatosha kuirekodi upya. Huko Yugoslavia walienda mbali zaidi, mtangazaji Zoran Modli wa Radio Beograd 202 alikua anarusha programu za kompyuta hewani, wasikilizaji wanarekodi kwenye kaseti zao wanaenda kuzipakia. Fikiria gemu inakujia kama taarifa ya habari.

#4 Mleta uzi (inaendelea, magemu yenyewe)

Kabla sijataja gemu yoyote lazima mjue mipaka ya hii mashine maana bila hiyo hamtaelewa kwanini ninazisifia.

Chukua daftari la hesabu la miraba. Skrini ya Spectrum ni miraba 32 kwenda upande na 24 kwenda chini, na kila mraba una vinukta 8 kwa 8. Vinukta unaweza kuchora utakavyo lakini rangi unapewa mbili tu kwa kila mraba, ya wino na ya karatasi, wameziweka hivyo ili kubana memori maana skrini nzima inakula baiti 6,912 tu. Matokeo yake mtu mweupe akipita mbele ya mti wa kijani, ule mraba hauwezi kua na nyeupe na kijani na nyeusi pamoja, kwaiyo ama mti unageuka mweupe ama mtu anageuka kijani. Anatembea na madoa ya rangi yanamfuata. Commodore 64 ya Wamarekani haikua na shida hii kwa kiasi hicho, ilikua na chipu maalum za kuchora na ya sauti zenye njia tatu. Spectrum haikua na msaidizi yeyote, prosesa ni Z80A ya megahezi 3.5 inafanya kazi zote peke yake, hata spika ni kijispika kimoja ambacho prosesa lazima ikipige yenyewe, ikipiga muziki haifanyi kitu kingine.

Sasa katika hali hiyo anatokea Matthew Smith, kijana wa upande wa Liverpool ambaye hajafika miaka 20, mwaka 1983 anatoa Manic Miner kupitia kampuni ya Bug-Byte. Mchimba madini anaitwa Willy, mapango 20, unaruka kukusanya funguo kabla hewa haijaisha. Na MUZIKI UNAPIGA HUKU UNACHEZA, wimbo wa Grieg, yule mtunzi wa Norway. Nimesema hapo juu prosesa haiwezi kufanya yote mawili, alichofanya Smith ni kukatakata muziki vipande vidogo vidogo, anacheza kipande cha noti, anamsogeza Willy, anacheza kipande kingine, anasogeza maadui. Ukisikiliza vizuri muziki unatetemeka tetemeka kwa sababu hiyo. Nilipokuja kuielewa hiyo mbinu ukubwani nilikaa nikanyamaza kwa muda.

1984 akaja na Jet Set Willy, hapo ameshahamia Software Projects. Badala ya mapango yanayofuatana ni jumba zima la vyumba kama sitini, unaingia popote utakapo. Lakini ilitoka na kosa: ukiingia chumba cha darini, kuna mshale unapita, na ule mshale ukivuka mwisho wa skrini unaendelea kuandika kwenye memori isiyo yake, unaharibu data za vyumba vingine, ukirudi kwenye chumba ulichopita salama unakufa mlangoni. Gemu haimaliziki. Kampuni mwanzoni ikadai ni makusudi eti vyumba vimejaa gesi ya sumu, baadae ikabidi watoe marekebisho, yaani namba za POKE, amri ya BASIC ya kubadilisha namba ndani ya memori, unazoandika wewe mwenyewe kabla ya kuanza gemu. Na hii POKE ndio iliwafundisha wengi. Ukijua anwani ya memori inayohifadhi idadi ya maisha, unabadilisha namba, hufi. Majarida kama Crash, lililoanza 1984 pale Ludlow, na Sinclair User yalijaa hizo POKE, na Sinclair User lilichapisha pia programu nzima za kunakili kwa mkono. Mimi nilinakili moja kutoka gazeti la mjomba, jioni mbili mfululizo, sikua nimeirekodi kwenye kaseti, stima ikakatika. Jioni ya tatu nikaanza upya na safari hii nikajua kila mstari unafanya nini.

#5 Mleta uzi (inaendelea)

Kama mna muda wa gemu moja tu basi iwe Knight Lore.

Kampuni iliitwa Ultimate Play the Game, mji mdogo wa Ashby-de-la-Zouch, ndugu wawili Chris na Tim Stamper pamoja na jamaa zao. Hawa watu hawakua wa kutoa mahojiano, huwaoni kwenye maonyesho, gemu zinatoka tu na tangazo zuri la rangi. Walianza na Jetpac mwaka 1983 ambayo inaingia kwenye kilobaiti 16, alafu Atic Atac, alafu Sabre Wulf mwaka 1984 kwa pauni 9.95, bei kubwa sana wakati huo ambapo gemu nyingi zilikua pauni tano na nusu hivi. Mwisho wa mwaka huo ikatoka Knight Lore, ukiwasha unaona chumba kwa pembe, kina kina, meza ina upande na ina juu, unaweza kusukuma jiwe ukapanda juu yake ukaruka. Kwenye mashine isiyokua na chipu hata moja ya kuchorea. Baadae Tim Stamper alisema Knight Lore ilikua tayari hata kabla ya Sabre Wulf, wakaificha, maana waliona watu wakiiona hii hawatanunua ile nyingine tena.

Na lile tatizo la miraba walilitatuaje? Kila chumba kina rangi moja tu juu ya nyeusi. Chumba cha njano, chumba cha kijani. Hakuna rangi mbili hakuna kugongana. Watu wanasema ile ni staili, kweli ni staili, lakini ilizaliwa kwenye baiti 768 za rangi ambazo Sinclair aliwapa. Hawa ndugu ndio walioanzisha Rare, kwaiyo aliecheza GoldenEye 007 kwenye Nintendo 64 ajue alikua anacheza kazi ya nyumba hiyo hiyo.

Mike Singleton nae mwaka huo huo alitoa The Lords of Midnight, nchi nzima yenye theluji ambapo unasimama sehemu 4,000 na kila sehemu unaangalia pande nane, jumla mandhari 32,000 ndani ya kilobaiti 48. Hakuzihifadhi picha, mashine inazichora palepale kutokana na milima na misitu iliyo mbele yako. Na Tim Follin, mtunzi wa muziki wa magemu, huyu alichukua kile kijispika kimoja akakifanya kitoe sauti kadhaa kwa pamoja kama bendi. Tafuteni muziki wake wa Agent X wa mwaka 1986 msikilize kwa hedfoni.

#6 Mchangiaji

Uzi mtamu. Ila mbona sisi huku bara hizi mashine hatukuwahi kuzisikia kabisa? Mzee wangu alikua mhandisi na hajawahi kuzitaja.

#7 Mleta uzi

Pole mkuu, kwa Tanzania sababu ipo. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na Spectrum inahitaji tivii ya kuonyeshea, sasa Zanzibar walikua na televisheni ya rangi tangu 1973 lakini bara vituo vilikuja 1994. Kwaiyo hata mtu angepitisha moja kwenye sanduku la nguo, pa kuichomeka ni pagumu kupata. Kenya tivii zilikuwepo ndio maana ya mjomba ilifanya kazi.

#8 Mleta uzi (biashara ilivyoenda)

Hapa nitapita haraka kidogo maana pesa ndio inayoharibu hadithi.

Imagine Software ya Liverpool ilikua kampuni ya vijana wenye magari ya kifahari, wakatangaza gemu kubwa inaitwa Bandersnatch kabla haijaisha. Mwaka 1984 madeni yakawafikia, BBC walikua wamekuja kurekodi kipindi cha mafanikio yao, kamera ikakuta wadai wanafunga ofisi. Kwa upande mwingine kampuni ya Mastertronic waliona kwamba watoto hawana pauni tisa, wakauza gemu kwa pauni 1.99 kwenye maduka ya magazeti na vituo vya mafuta. Codemasters ya ndugu wawili Darling wakafuata njia hiyo hiyo, na humo ndio mapacha Philip na Andrew Oliver wakaleta Dizzy mwaka 1987, yai lenye glavu linaloruka likibiringika. Mimi nina imani kwamba bei ile ya 1.99 ilifanya kazi kubwa kuliko matangazo yote, mtoto ananunua kwa pesa ya mfukoni bila kumuomba mzazi.

Sinclair mwenyewe hakua mtu wa magemu, alitaka kompyuta yake ichukuliwe kwa uzito. Akaweka pesa kwenye kompyuta ya biashara iitwayo QL na kigari cha umeme cha C5, vyote vikamuangusha, Aprili 1986 akauza biashara ya kompyuta kwa kampuni ya Amstrad ya Alan Sugar kwa pauni milioni 5. Amstrad wakaiweka kaseti ndani ya mashine kabisa, ile +2, na utengenezaji ukaisha 1992 baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 5.

Lakini haikufa! Umoja wa Kisovyeti ilikua haiuzwi rasmi, wahandisi wakaichambua. Ile chipu kuu iliyotengenezwa na Ferranti hawakua nayo, wakaijenga upya kwa chipu za kawaida zinazopatikana sokoni. Sergey Zonov akachora ubao ulioitwa Leningrad, wengine wakaja na ubao wa Pentagon, watu wanachoma wenyewe nyumbani kwa solda. Wahispania nao walikua na kampuni zao za magemu, Dinamic, Topo Soft na Opera Soft, na hata Spectrum ya kilobaiti 128 ilianza kuuzwa Hispania mwaka 1985 kabla ya Uingereza kwenyewe.

#9 Mchangiaji

Mkuu umenishawishi. Bila kununua mashine naanzaje?

#10 Mleta uzi

Pakua emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani, zipo nyingi za bure na hata simu inaweza, mwaka 2024 pia imetoka mashine mpya ya The Spectrum yenye vitufe vya raba kama zamani kwa anaetaka kushika. Lakini nakuomba kitu kimoja, usianze kwa kupakia gemu. Washa, chagua kilobaiti 48, usubiri ile skrini nyeupe, alafu andika hivi:

10 BORDER RND*7
20 BEEP .05,RND*30
30 GO TO 10

Kumbuka maneno yanatoka kwa kitufe kimoja, B ndio BORDER, G ndio GO TO, R mwisho kabisa ndio RUN. RND ipo juu ya T, unabonyeza vitufe viwili vya shift pamoja kwanza, CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT, alafu T. BEEP ndio itakusumbua kuitafuta, ipo chini ya Z kwa maandishi mekundu, tena shift zote mbili kwanza, alafu Z huku umeshikilia symbol shift. Ukichoka kuisikiliza bonyeza CAPS SHIFT na SPACE itasimama na kukuandikia imesimamia mstari wa ngapi. Alafu badilisha ile 30 iliyo ndani ya mstari wa 20 iwe 60 uniambie umesikia nini.